Mlio Ambao Baba Hakuusikia

Gereji ya Takyi,
S.L.P. 417,
Suame, Kumasi.

Jumapili, 14 Agosti 2011

Mpendwa kaka yangu Piesie,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia Mama hadi yule jogoo wake mkorofi ambaye mpaka leo hakuna aliyethubutu kumchinja. Mgongo wako unaendeleaje? Umekwenda kwa daktari kama nilivyokuomba, au bado unajipaka dawa ya kuchua na kujidanganya? Shemeji Konadu hajambo? Na huyo mtoto wenu mdogo, meno yameshatoka au bado anawatesa? Nawaombea afya huko Bremen, maana baridi ya huko naiogopa hata nikiwa huku.

Sisi tunavuta pumzi. Goti la Mama limemkaza tena, lakini sokoni anakwenda, na akirudi anatwanga fufu kama anayetarajia wageni. Duka langu la vipuri lipo. Wateja wanaingia, wanashika kila kitu, wanauliza bei, wanaondoka. Mwezi huu mawingu hayajatoka juu yetu, nguo hazikauki, na watu wanatembea wameinamisha vichwa.

Kaka, nikiendelea na salamu nitamaliza karatasi bila kusema nilichokusudia. Unajua kwamba Mzee Sarpong ametutoka. Maiti bado iko mochwari, na ukoo wake umepanga mazishi Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Mama ameshatoa nguo nyeusi sandukuni. Baba amesema haendi.

Ndiyo, Baba yetu. Hataki kwenda kumzika mtu aliyekula naye bakuli moja tangu wakiwa makapera. Mji huu unaujua. Mtu akikosekana kwenye mazishi ya rafiki yake, maelezo yanatafutwa na kupatikana kabla jeneza halijafunikwa, na safari hii maelezo yapo tayari. Lakini watu siwaogopi kama ninavyomwogopea Baba mwenyewe. Asipomuaga Sarpong, hatamaliza mwaka. Nataka unisaidie aende, na kwa hiyo itabidi nikueleze mambo ambayo kwenye simu nimekuwa nikikuzungusha.

Kwanza ondoa kinyongo. Unasema Baba hapokei simu zako kwa sababu hukuja kumzika Bibi. Umekosea. Baba hasikii. Nyundo za wanyooshaji bodi zimempigia masikioni tangu ujana wake, na miaka hii ya karibuni kilichobaki kimekwisha. Kwenye simu anasikia upepo tu. Anaona aibu, ndipo ananisukumia simu na kusema ana kazi. Siku ile ulipomwambia mtoto amezaliwa akakujibu kwamba mvua ni nyingi, ulinuna wiki nzima. Hakukudharau, kaka. Hakujua umesema nini.

Sasa fikiria hilo lina maana gani kwa mtu kama Baba. Mafundi wengine walisifiwa kwa mikono, yeye alisifiwa kwa sikio. Watu walitoka Sunyani na Obuasi kuja kumwomba Masta Takyi asikilize injini. Anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini sikioni, anafumba macho, halafu anakwambia ni beringi gani na itadumu mpaka lini.

Wewe ulikimbia gereji kabla hujashika spana vizuri, kwa hiyo nivumilie nikueleze kama mteja. Cheche ya plagi ikichelewa, gari linakuwa zito, linachemka na kunywa petroli. Ikiwahi mno, mafuta yanalipuka pistoni ikiwa bado inapanda, na injini inaanza kugonga. Ni mlio mdogo, kama kokoto kwenye kopo, na dereva wa kawaida hata haushughulikii. Baba alitumia mlio huo huo kutega moto, yaani kuipangia cheche wakati wake. Anaiwahisha cheche kidogo kidogo, gari linapandishwa kile kilima cha nyuma ya kanisa likiwa na mzigo, na mzigo wenyewe ni wanagenzi wa gereji waliorundikwa kiti cha nyuma. Kokoto zikianza kulia anasema, "Hapo." Wanarudi, anaizungusha distributa, ile inayogawa cheche, nyuma kiasi cha unywele, kazi imekwisha. Taa ya kupimia moto anayo, tena nzuri. Imekaa kabatini na vumbi lake kwa sababu Masta kutumia taa ilikuwa ni sawa na kukiri amezeeka.

Mwezi wa Mei Mzee Sarpong alileta ile teksi yake nyekundu. Ilikuwa imepoteza nguvu. Kwenye tambarare inajikongoja, kwenye mlima inaomba msaada, na inakunywa petroli kama imetoka jangwani. Baba akasema moto umechelewa. Hakukosea, ulikuwa umechelewa kweli. Alichokosa ni kujua aliyeuchelewesha.

Gari lile lina sensa ubavuni mwa injini, kidude kisichozidi kizibo cha chupa, na kazi yake ni kusikiliza. Injini ikianza kugonga, sensa inaiambia kompyuta, nayo kompyuta inaichelewesha cheche kabla kitu hakijavunjika. Sasa mtu aliyebadilisha stata siku za nyuma, na si wa gereji yetu, aliurudisha waya wa sensa vibaya. Ukasuguana na chuma mpaka ukakatika. Kompyuta ikiona haisikii chochote, inaogopa, inaichelewesha cheche muda wote kwa usalama. Ndiyo uzito wote ule. Dawa yake ilikuwa kipande cha waya. Hata taa ya dashibodi ingewaambia, lakini unajua madereva wetu. Glopu ya taa ile Sarpong alishaing'oa zamani, kwa sababu abiria wakiiona inawaka wanaanza kusali kwa sauti.

Baba hakufuata waya. Aliiwahisha distributa, gari likachangamka, akaiwahisha tena. Wakaenda kilimani, wakarudi, akasema ni safi. Sarpong akaondoka anacheka, mkono nje ya dirisha.

Haikupita hata wiki. Alikuwa anapanda mlima wa Mampong amejaza abiria na magunia, jua kali, injini ikafa katikati ya mwinuko. Abiria wakashuka, wazima wote, namshukuru Mungu kwa hilo. Yeye akazunguka nyuma kuweka jiwe kwenye gurudumu, kama wanavyofanya wote. Breki haikumngoja. Gari lilimbana mguu kwenye ukingo wa mfereji. Hospitali walijaribu, lakini alikuwa na sukari, si unajua, mguu ukaharibika, wakaukata juu ya goti.

Gari lilivutwa mpaka kwetu. Baba alisema ni petroli mbaya ya kule barabarani, akaenda kukaa hospitali na rafiki yake. Barimah akafungua injini peke yake.

Barimah unamkumbuka, mtoto wa Shangazi, yule mwembamba aliyekuwa anakushinda kwenye drafti na wewe unapindua ubao. Sasa ndiye mkubwa wa mafundi, na Baba akifumba macho gereji ni yake, kama ilivyo kwetu mpwa kurithi kwa mjomba. Alikuja dukani kwangu akijifanya anatafuta gasketi, akarudishia mlango, akaweka pistoni mezani. Ilikuwa na tundu juu, na kingo zake zimelika kama mahindi yaliyoingiwa na wadudu. Akaniambia habari ya waya, na jinsi alama ya distributa ilivyokuwa imepitilizwa mbali. Halafu akakaa juu ya boksi la fani belti.

"Dufie, ule mlio tuliusikia," akasema.

"Mliusikia akina nani?"

"Kiti kizima cha nyuma. Ulikuwa mkali, hata mwanagenzi wa juzi angeujua. Mmoja alianza kukunja uso, nikamkanyaga mguu, na mimi nikaukaza wangu."

"Kwa nini ukamkanyaga?"

"Mjomba ametulia kama hakuna mlio, mimi nimpinge? Mbele ya mteja. Wewe ulitaka nifanyeje?"

"Nilitaka useme injini inagonga, Barimah. Maneno mawili tu."

"Wewe ni binti yake, ungesema akakupigia kelele yakaisha. Mimi ndiye mwenye kurithi. Nikisema mbele ya vijana kwamba Mjomba hasikii, kabla ya jioni Suame nzima itakuwa inasema Barimah ameanza kumzika mtu yuko hai. Mama yangu mwenyewe angenitemea mate."

Nilitaka kumtukana, Piesie, na unajua kwa matusi sijawahi kupungukiwa. Badala yake nilimpa kitambaa cha kufutia oili. Alikuwa analia bila kutoa sauti, na mikono yake ya oili imening'inia kama si yake. Na alichosema ni kweli. Wangesema hivyo hivyo. Pengine hata mimi ningesema.

Niliona Baba lazima aambiwe, kwa sababu kesho yake angetega moto gari lingine na la mtu mwingine. Nilimngoja mpaka Jumapili, Mama akiwa kanisani kwenye kikao cha kina mama. Baba alikuwa uani anamenya chungwa. Nikachuchumaa mbele yake ili auone mdomo wangu.

"Baba, masikio yako hayasikii tena."

"Najua," akasema, kwa sauti yake ya juu ya siku hizi, mpaka jirani akachungulia. "Unadhani mimi ni mjinga?"

"Basi moto ulikuwa unautegaje?"

"Kwa Barimah. Kila siku anaendesha yeye, mimi nakaa kando namtazama. Kokoto zikianza, jicho lake la kushoto linajibana. Mwenyewe hajui kama linajibana. Uso wa kijana yule ni sikio zuri, kuliko hata langu lilivyokuwa."

Akaendelea kumenya.

"Siku ile Sarpong akataka kuendesha mwenyewe, gari ni lake. Barimah akakaa nyuma. Nikawatazama wote kwenye kioo. Walikuwa wametulia kama wako ibadani. Nikajua hakuna mlio."

Halafu akaninyanyulia macho. "Waliusikia?"

Ningeweza kusema hapana. Nilitikisa kichwa kukubali. Akaliweka chungwa chini, nusu limemenywa, akafuta kisu, akaingia ndani. Tangu siku ile hajagusa gari. Wateja wakija anawaelekeza kwa Barimah kwa kidole.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye shida yetu. Mwezi wa Julai Mzee Sarpong aliletwa nyumbani na binti yake, na magongo yake mawili. Alikuwa amekonda mpaka nguo ya kitenge imemzidi. Mama akamletea maji, tukamuuliza habari za njiani kama ilivyo desturi. Halafu akaanza kusema na Baba. Lakini alisema ameinama, anaitazama ile nguo iliyokunjwa mahali palipokuwa na mguu, kwa sababu si maneno ya kumwambia mtu huku unamkazia macho.

"Takyi," akasema, "mlio ule hata mimi niliusikia. Nikasema wewe umekaa ubavuni mwangu na hukusema kitu, basi si kitu. Kila mmoja wetu alimwachia mwenzake. Sina neno na wewe. Nimekuja nikwambie kwa mdomo wangu, nisije nikafa ukadhani nina neno."

Baba alikuwa anatikisa kichwa muda wote. "Ndiyo, ndiyo," akasema. "Injini nyingine itapatikana, usijali. Barimah anaitafuta."

Kaka, nimeona misiba, lakini sijaona kitu kama uso wa Mzee Sarpong wakati ule. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba rafiki yake ni kiziwi. Alimtazama, akanitazama mimi, akachukua magongo yake akainuka. Niliwafuata mpaka kwenye gari nikamweleza yote dirishani. Nikamsihi arudi ndani aseme tena, amtazame.

"Siwezi kuyasema mara mbili, binti yangu," akanijibu. "Mwambie wewe. Mimi nimechoka."

Nilirudi mbio nikampigia Baba magoti, nikamwambia neno kwa neno, polepole, na mdomo wazi. Alinitazama, macho yanatoka kwenye mdomo wangu yanapanda kwenye macho yangu, yanashuka tena.

"Amesema hivyo, au wewe ndivyo unavyotaka nijue?"

Nikaapa. Mama akaapa. Barimah akaitwa gereji akaja, akapiga magoti yeye naye, ingawa hakuwepo Sarpong aliposema. Baba akatupitia mmoja mmoja.

"Nyinyi ni watu wema," akasema. "Hiyo ndiyo shida yenu. Nyuso zenu nimezitegemea, na pale kilimani mlizipanga vizuri ili mzee asiaibike. Nitajuaje kama na hapa hamkuzipanga? Mimi nilimwona Sarpong kwa macho yangu. Alishindwa hata kunitazama."

Nilisema aletwe tena, atake asitake, hata kama ni kumbeba. Tukawa tunapanga. Sukari ikampanda, akarudishwa hospitali, na wiki iliyofuata binti yake akapiga simu. Nilipomwambia Baba kwa ishara, hakulia. Aliuliza tu kama Sarpong aliacha maneno kwa ajili yake. Nikamwambia aliyaacha, na nilishampa. Akageuka.

Anadhani rafiki yake amekufa na kinyongo, na mtu aliyekufa na kinyongo na wewe huendi kukaa kwenye matanga yake. Anasema atakuwa anamtukana maiti.

Juzi uliponipigia, katikati ya habari za kontena na za mgongo wako, ulisema kama jambo la kupita kwamba Mzee Sarpong alikupigia kwa simu ya binti yake, siku chache kabla ya kufa. Alikupigia kwa kuwa yeye ndiye aliyekufundisha kuendesha, na alitaka kukusikia. Ukasema alikwambia, "Baba yako mwambie sina neno naye, mimi nilijaribu akanijibu habari za injini," akacheka, nawe hukuelewa, ukadhani ni utani wao wa kizee. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Mwandikie Baba. Usipige simu. Macho yake bado mazima, gazeti analisoma mpaka matangazo ya vifo. Mwandikie kwa mkono wako anaoujua, umweleze Sarpong alikupigia siku gani na alikwambia nini, pamoja na hicho kicheko. Usiyapambe maneno wala usiongeze huruma. Kama kuna ulichosahau, mwambie umesahau. Na usimfiche kwamba mimi ndiye niliyekuomba uandike, kwa sababu akigundua tumempangia tena, ndiyo mwisho wetu naye. Hukuwepo kwenye gari lile, wala hukuwepo hapa uani tulipokuwa tunaapa. Katika watoto na wapwa zake wote umebaki wewe tu ambaye hajakuona ukijikaza mbele yake.

Itume kesho ukiweza. Barua zako huwa zinatambaa, na Septemba haiko mbali.

Mpe Shemeji Konadu pole yangu kwa kukosa usingizi, na umbusu mtoto shavuni kwa niaba ya shangazi yake. Mama anakusalimu na anasema ule vizuri. Barimah anakusalimu, ingawa siku hizi ana haya hata ya kutaja jina lako. Shangazi naye anakusalimu, na wanagenzi wote hata usiowajua. Mungu akufunike huko ugenini, aupoze mgongo wako, na atujalie sote kulala na mioyo iliyotulia.

Baba sikumwombea salamu, kwa sababu hajui kama nakuandikia. Ninapomaliza barua hii amekaa mlangoni. Zamani ukizungumza naye alikuwa anakukazia macho mpaka unaona haya. Siku hizi mtu akianza kusema naye, anageuka kutazama ukuta. Barua haina uso, Piesie. Pengine hiyo ataiamini.

Dada yako akupendaye,

Dufie